Stuli Iliyonyanyuliwa Mlangoni

Shule zilipofungwa nilidhani shida yetu kubwa itakuwa kelele.

Nyumba yetu ni ya kupanga. Vyumba vinne, viwili vinatazamana na viwili, katikati uwanja wa saruji wenye bomba moja na kamba za nguo, mbele geti la bati. Chumba kimoja, familia moja. Siku za kawaida nyumba kama hiyo inakalika kwa sababu watu hawamo. Watoto wako shule, wadogo kwa mama mlezi wa mtaa wa pili, wazazi kazini, na jioni mnakutana mmechoka mno kugombana. Gonjwa lilipoingia tukaambiwa kila mtu akae kwake. Waliotoa amri hiyo nadhani kwao kuna sebule.

Mimi ni fundi umeme, na diploma ninayo. Hoteli niliyokuwa nikiifanyia matengenezo ilifunga milango, nikageuza kizingiti changu kuwa karakana ya pasi na feni. Mume wangu ni mlinzi wa usiku. Anarudi asubuhi na kulala mchana, kitanda hichohicho, chumba hichohicho. Binti yetu wa miaka mitano nyumba nzima inamwita Kwanini, kwa sababu hilo ndilo neno lake, na sauti yake ni king'ora. Mlinzi aliyelala, king'ora kilichoamka, na mimi nimeshika bisibisi: katika chumba kimoja, lazima kitu kiungue.

Jirani yangu wa ubavuni ni Dada Usafi, anayefagia na kupiga deki wodi za hospitali. Wiki za mwanzo tulimkwepa kama yeye ndiye aliyelileta gonjwa kwenye mkoba. Akatusimamisha bombani akatufundisha kunawa mikono mpaka viwiko, akasema, "Haya, sasa nikimbieni mkiwa safi." Tukaona aibu, tukaacha. Mkabala wake anakaa Muuza Nyanya, mama wa wavulana watatu wasiojua sakafu ni ya nini kama ukuta upo. Na pembeni yake anakaa Kicheko.

Kicheko ni msusi. Jina alilipata kwa sababu alikuwa anaanza kucheka kabla kisa hakijafika panapochekesha, na wewe unacheka kicheko chake, kisa mnakisahau. Saluni ilipofungwa alirudi nyumbani na vitu vyake viwili, chanuo na stuli ya chuma ya kukalishia wateja. Mume wake ni dereva wa lori, alikwama mpakani na shehena ya saruji. Akajifungua mtoto wa pili peke yake, maana hospitali ilikuwa hairuhusu mtu wa kumsindikiza. Mtoto alitoka na makunyanzi ya paji la uso kama mzee anayedai pensheni, tukamwita Babu. Dada yake, Kipusa, alikuwa na miaka minne.

Ile stuli ndiyo iliyotuokoa. Tulikubaliana zamu: mlango wenye stuli ndio wenye watoto. Mwenye zamu anakaa mlangoni kwake, geti limefungwa, anawatazama watoto wote uwanjani. Wengine wanakwenda sokoni, wodini, wanatengeneza pasi, wanalala, wanalia kidogo, hakuna anayeuliza. Kesho yake asubuhi stuli inaburuzwa hadi mlango unaofuata. Mguu mmoja ulikuwa umepoteza kile kiraba cha chini, kwa hiyo ilikwaruza saruji ikapiga yowe. Hukuhitaji kengele. Ukisikia stuli inakuja kwako, unajua leo ni leo.

Zamu zikaenda vizuri mpaka Kicheko alipoacha kucheka.

Hakuanguka siku moja. Alianza kuunguza uji. Halafu akawa anamnyonyesha Babu huku anatazama ukuta, kana kwamba mtoto ni mfuko alioombwa amshikie mtu. Siku moja nilimkuta bombani, ndoo imejaa, maji yanafurika mpaka kwenye kandambili zake, naye kasimama tu. Nilifunga bomba, akaniambia, "Ee, nimekusikia," na mimi sikuwa nimesema kitu. Halafu ikaja zamu yake, Muuza Nyanya akarudi sokoni akakuta wanawe wako juu ya ukuta na Kicheko kwenye stuli, machozi yanamtiririka kimyakimya, Babu analia mapajani.

Jioni hiyo tukakutana watatu, barakoa usoni, kila mtu kwenye ngazi yake.

"Hanipi hofu yeye," alisema Muuza Nyanya. "Ukuta ndio unanipa hofu. Mmoja angeanguka ningemwambia nini baba yao?"

"Mzigo umemzidi," nikasema. Mimi niliongea kama fundi. "Waya mwembamba ukiubebesha jiko, unaungua. Dawa ni kupunguza mzigo. Tumtoe kwenye zamu, apumzike."

Dada Usafi akatikisa kichwa taratibu. "Wodini nimewaona wamama wa hivyo baada ya kujifungua. Siyo uvivu."

"Nani kasema uvivu? Ndiyo maana apumzike."

Tukakubaliana. Tukawa tunamchukulia Kipusa asubuhi, Dada Usafi anapeleka uji, mimi namfulia nepi. Na stuli, ikitoka kwa Muuza Nyanya kuja kwangu, ilikuwa lazima ipite mlangoni kwake. Hapo tuliinyanyua juu kabisa, tukavuka kwa ncha za vidole, tukaiweka chini ng'ambo, ili ule mguu usimwamshe. Tulijiona watu wema kweli.

Hali yake haikupata nafuu. Mlango wake ukaanza kufunguliwa saa za kupokea uji tu.

Halafu nikapigiwa simu na mama mkwe wake.

"Mwanangu, hujambo? Mimi ni mama yake dereva. Namba yako amenipa dereva mwenyewe, maana mkwe wangu simpati. Kila nikipiga anapokea mtoto. Ananiambia mama kalala, mama kalala. Mama gani analala mwezi mzima?"

Nilimwambia ukweli, sijui kupamba.

Akavuta pumzi. "Basi mabasi yakiruhusiwa tu nakuja kuwachukua wajukuu. Wote wawili. Babu nitamlea kwa maziwa ya kopo. Sisemi kwa ubaya, yule nampenda kama niliyemzaa. Lakini mtoto haachwi kwa mtu aliyepotea machoni."

"Hilo nalo ni wazo, mama," nikajibu. Na nilimaanisha. Mzigo ukipungua tena, labda waya utapoa.

Nikachukua bisibisi, nikaenda kumwambia Kicheko mwenyewe. Bisibisi ilikuwa kisingizio. Kipusa alikuwa amesema feni yao "inakoroma bila kuzunguka."

Chumba kilikuwa na giza la pazia. Vyombo safi, nguo zimekunjwa, nikashangaa kidogo. Babu kalala. Kicheko kakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, kama abiria anayesubiri kuitwa. Nikamweleza habari za mama mkwe huku nafungua feni, maana habari mbaya ni rahisi kuitoa ukiwa na kazi mkononi.

Alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Imeungua?"

"Nini?"

"Feni."

"Haijaungua. Imekaa muda mrefu bila kuzunguka, mafuta yakakauka, imeshikana. Umeme unaingia, inanguruma, lakini haiwezi kuanza yenyewe."

"Utaitupa?"

"Nitupe kitu kizima? Tone la mafuta, halafu unaisukuma kwa kidole. Kidogokidogo, mpaka ishike mwendo."

Nikaisukuma. Ikagoma, ikagoma, ikazunguka nusu, ikasimama, nikaisukuma tena. Kicheko akawa anatazama kidole changu. Halafu akaanza kuongea, taratibu, bila kunitazama.

"Kila asubuhi naisikia stuli yangu. Naisikia inakwaruza kwa Muuza Nyanya. Inakuja. Inakuja. Nakaa kitako, navaa kanga, nasema leo labda. Ikifika mlangoni kwangu inanyamaza. Mnainyanyua. Halafu naisikia inakwaruza kule ng'ambo."

"Tulikuwa hatutaki kukuamsha."

"Sijalala, shoga yangu. Mimi silali. Pale mnaponyamaza ndipo ninaposikia zaidi." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Mama ana haki. Aje awachukue. Kama nyinyi mnaoniona kila siku hamniachii hata mtoto mmoja, hata wangu mwenyewe mnamfuata asubuhi, basi mnajua kitu. Mimi ni wa kurukwa. Wanangu watakua vizuri mbali na mimi."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Stuli."

Feni ikashika mwendo. Pazia likapepea, mwanga ukaingia na kutoka. Mimi nina mdomo mrefu, kila mtu anajua, lakini kwanza niliikaza skrubu ya mwisho. Halafu nikasema kitu pekee kilichonijia.

"Kesho ni yako."

"Siwezi."

"Sijakuuliza kama unaweza. Nimekwambia zamu ni yako. Mimi nitakuwa mlangoni kwangu na pasi zangu, Dada Usafi yuko likizo ya siku moja. Geti litafungwa. Na kuanzia keshokutwa, hospitali. Kuna nesi wa wamama waliojifungua, Dada Usafi anamjua. Utakwenda kumwambia hayo uliyoniambia, na hata usiyoniambia."

"Unaongea kama askari."

"Mume wangu ni mlinzi. Nimeambukizwa."

Mdomo wake ulitikisika upande mmoja. Halikuwa tabasamu, ila nilipatambua: ndipo kicheko chake kilipokuwa kikianzia.

Kumshawishi Muuza Nyanya ilikuwa kazi nyingine.

"Umetaka wanangu wawe mafuta ya feni?" akaniuliza.

"Nimetaka wanao waambiwe kuwa atakayepanda ukuta kesho atakula chakula cha jioni peke yake, amesimama. Mimi nitakuwepo."

"Wewe? Ukiona amekosea utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

"Tangu lini?"

Dada Usafi akacheka mpaka barakoa ikamshuka. Lakini Muuza Nyanya alikuwa ameshaanza kulainika. Alichomoa uzi kwenye gauni lake, akasema, "Kumbe alikuwa anasikia. Mimi ndiye niliyekuwa naibeba, unajua. Nilikuwa nabana na pumzi."

Asubuhi aliiburuza yeye mwenyewe, kwa makusudi, taratibu, mguu unapiga yowe uwanja mzima mpaka mume wangu akaamka akauliza kuna mnada gani. Akaifikisha mlangoni kwa Kicheko, akaiacha, akasema kwa sauti, "Jirani! Wangu watatu hao, umewaona, wana pua nzima, nikirudi nizikute nzima." Kisha akakimbia sokoni asije akabadili mawazo.

Mlango ulikaa umefungwa muda wa kutosha kwangu kukata tamaa. Ukafunguliwa. Kicheko akatoka na Babu kifuani, akaitazama stuli, akakaa.

Hakufanya lolote zaidi ya hapo. Alikaa kama gunia. Watoto wakamzunguka kwa mbali kidogo, kama wanavyomzunguka mbwa wasiyemfahamu. Mimi nilikuwa nafungua pasi ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Dada Usafi alinong'ona, "Funga mdomo." Sikuwa nimeufungua, ila alikuwa amenijua.

Kipusa alikuwa nyuma ya nguo zilizoanikwa, anacheza na vibanio. Wiki zote hizo alikuwa mtoto wa mlango wa leo, leo wangu, kesho wa Dada Usafi. Alipotokeza kutafuta wa kumwambia ana haja ndogo, alikuja moja kwa moja kwangu kwa mazoea, akafika katikati ya uwanja, akaona stuli ilipo. Akasimama. Akamtazama aliyekaa. Kisha akageuka kwa wenzake akapaza sauti iliyomshinda hata Kwanini wangu:

"Leo ni mama yangu! Anayetaka kukojoa amwambie mama yangu!"

Watoto wote, kama walivyo, wakagundua wamebanwa. Wakajipanga foleni mlangoni kwa Kicheko, wavulana watatu mbele, Kwanini nyuma yao anauliza kwa nini wavulana wako mbele. Na Kicheko, sijui alichukua wapi, akampakata Babu mkono mmoja, akanyoosha wa pili na kusema kwa sauti iliyokwaruza kuliko stuli, "Mmoja mmoja. Mikono kwa sabuni baadaye. Wewe, vaa kandambili."

Dada Usafi aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Sitadanganya kwamba alipona siku hiyo. Mchana alilia, mmoja wa wavulana akaenda kumletea maji kwenye kikombe cha kuswakia. Jioni alikuwa amechoka kama aliyebeba mawe. Kesho yake Dada Usafi akampeleka kwa nesi, na nesi alimsikiliza, akampa dawa zisizozuia kunyonyesha, akampangia kurudi. Zamu iliyofuata alikaa nusu siku na mimi nikamalizia. Iliyofuata akamaliza mwenyewe. Siku fulani aliamka vizuri, siku fulani hakuamka. Ikifika zamu yake katika siku mbaya, tuliburuza stuli hivyohivyo mpaka mlangoni, tunagonga, tunauliza, yeye mwenyewe anasema "pitisheni" au "acheni." Tofauti ilikuwa hapo tu, kwamba aliulizwa.

Kisha mabasi yakaruhusiwa.

Mama mkwe alinipigia akiwa safarini. Nilikwenda mbio kwa Kicheko. "Kesho anafika. Kesho namshikia Muuza Nyanya zamu yake, nitakuachia wewe. Akute umekaa na watoto wote, umejipamba."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Usinifanyie maigizo. Nikiigiza leo, wiki ijayo atakuja nani kushika kitabu cha maigizo? Zamu ibaki ilivyo."

Na bahati mbaya kesho hiyo ikawa siku mbaya. Mama mkwe, mwanamke mfupi mnene mwenye barakoa ya kitenge na begi tupu kubwa kuliko yeye, alinawa bombani bila kuambiwa, akaingia, akamkuta mkwe wake kalala kaelekea ukutani saa sita mchana. Mimi nilikuwa kwenye stuli, naona kila kitu kupitia mlango ulio wazi. Hakugomba. Alikaa kitandani akamshika mguu, akaukanda kidogo. Halafu akainuka, akaanza kukunja nguo za watoto na kuziweka kwenye begi. Moja moja, kwa upole. Upole ule ulinichoma kuliko matusi.

Nilianza kuinuka. Kwanini akanishika gauni. "Mama, usiache stuli. Ni sheria."

Nikakaa. Sheria niliitunga mimi.

Ndani nikasikia kitanda kinalia. Kicheko alikuwa amejiinua, nywele zimesimama, kanga imepinda.

"Mama. Acha kwanza."

"Mwanangu, lala tu. Nitakuwa nao mpaka upate nguvu."

"Siku nyingine nalala, mama. Sikufichi. Nina dawa nakunywa, nina nesi. Leo ni siku ya kulala." Alinyoosha kanga yake. "Kesho ni zamu yangu. Ya watoto wote wa nyumba hii, siyo wangu tu. Lala hapa leo, uone kesho, ndipo ufunge begi. Ukiona hawafai kuwa na mimi, nitakusaidia kukunja."

Mama mkwe alikaa na gauni dogo la Kipusa mikononi. "Watoto wote? Majirani wanakuachia wewe watoto wao?"

Kicheko alichungulia nje, macho yetu yakakutana. Niliitikia kwa kichwa kwa nguvu mpaka shingo ikauma.

"Wananiachia," akasema.

Asubuhi yake niliamka kabla ya kila mtu. Niliiburuza stuli mwenyewe kutoka mlangoni kwangu, nikaizungusha uwanja wote kupita bombani, njia ndefu makusudi, chuma kinalia juu ya saruji. Sijafika nusu, mlango wa Kicheko ukafunguliwa. Alikuwa amechana nywele. Nyuma yake mama mkwe alikuwa amembeba Babu, kafunga kanga kiunoni kama mtu anayesubiri kazi.

"Umechelewa," Kicheko akaniambia.

"Ni stuli yako ndiyo nzito."

Mama mkwe alitazama watoto wanavyomwagika kutoka kila mlango kuja kwa mkwe wake, foleni ya haja ndogo inaanza, Kipusa anaipanga kama trafiki. Begi lilikuwa bado liko wazi kitandani. Mchana nilipopita niliona nguo za watoto zimerudi rafuni, na ndani ya begi amelala Babu, amejinyoosha kama mzee aliyepata pensheni yake.

"Mimi mlango wangu ni upi?" mama mkwe aliniuliza jioni. "Maana nimeona mna zamu, na mimi si mgeni wa kulishwa tu."

"Mnashirikiana mlango mmoja na mkweo, mama. Mkigombana, mnagombana chini chini."

Alikaa nasi mpaka dereva aliporudi. Muuza Nyanya aliniambia hivi karibuni, wewe fundi mzima, hata aibu huna, kiraba cha mguu wa stuli ni kazi ya dakika moja, tengeneza tupumzike na yale makelele.

Nikamwambia kiraba ninacho, kipo mfukoni. Na kitakaa mfukoni.